Kinsevere: Damu ya mtoto ipimwe siku anapozaliwa, si siku anapozidiwa

Juni na Julai ni miezi ya baridi Kinsevere. Usiku upepo unapita chini ya turubai na kwenye nyufa za matofali, na asubuhi watoto wanaota moto wa makala kabla ya kwenda shule. Kwa watoto wengi baridi hiyo inaleta mafua tu. Lakini kuna nyumba ambamo inaleta jambo lingine. Mtoto analia mikono na miguu usiku kucha. Vidole vimevimba. Macho yamegeuka manjano. Mmoja anasema ni malaria, mwingine anasema ni minyoo, na jirani wa tatu ananong'ona kwamba nkambo wa mtoto anajua vizuri kilichomfunga.

Ugonjwa huo una jina. Wanganga wanauita drepanositozi. Watu wa Lubumbashi wanauita kwa herufi mbili: SS. Si ugonjwa mgeni, na si wa familia chache. Inakadiriwa kwamba watoto kama 40 000 wanazaliwa nao kila mwaka katika Kongo, na nchi zinazoizidi au kuikaribia ni Nigeria na India tu. Hata hivyo, mtu akipita vijijini akauliza kuna watoto wangapi wenye SS, mara nyingi atajibiwa kwamba hawapo, au kwamba yuko mmoja. Jibu hilo ndilo linalotisha. Watoto hao wanazaliwa kama wengine. Kama hawaonekani, inabidi kuuliza wanaenda wapi.

Sayansi ilishauliza swali hilo zamani, na ililijibu hapa hapa Afrika ya kati.

Damu ya SS inafanya nini

Chembe nyekundu ya damu ya mtu mzima wa afya ni laini na ya duara. Inapita katika mishipa myembamba kuliko unywele, inapeleka hewa mwilini, na inaishi siku karibu 120. Ndani yake mna hemoglobini, kitu kinachobeba hewa na kuipa damu rangi yake. Kwa mtoto mwenye SS hemoglobini ina kosa dogo sana, kiungo kimoja tu kimebadilika mahali pa kingine. Lakini kosa hilo linatosha. Hewa ikipungua, maji yakipungua mwilini, homa au baridi ikipiga, hemoglobini inagandamana na chembe inakunjika kama mundu. Chembe za namna hiyo zinakwama katika mishipa, na mahali zilipokwama ndipo maumivu yanapoanza. Tena zinavunjika upesi: badala ya siku 120 zinaishi siku 10 hadi 20. Ndiyo maana mtoto anaishiwa damu, na ndiyo maana macho yanakuwa ya manjano.

Kosa hilo linatoka kwa wazazi wawili. Mtu aliyerithi S kwa mzazi mmoja na A kwa mwingine anaitwa AS. Huyo anaishi, analima, anachimba, anazaa, na pengine anafikia uzee bila kujua. Baba AS na mama AS wakikutana, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto SS, nafasi 2 za kuleta AS na nafasi 1 ya kuleta AA. Neno "kila mimba" lisisitizwe. Wengine wanadhani mtoto wa kwanza akiwa SS basi watatu wanaofuata wamesalimika. Damu haihesabu hivyo. Kila mimba inaanza hesabu upya.

Kwa hiyo mama anayefukuzwa na wakwe eti ameleta damu mbaya anaonewa. Bila S ya baba, mtoto hangekuwa SS. Na nkambo anayeitwa mulozi kwa sababu wajukuu wanakufa mmoja baada ya mwingine anaonewa zaidi, maana kinachopita katika ukoo huo kinaonekana katika tone moja la damu chini ya darubini.

Elimu iliyotoka kwa damu ya watu wa hapa

Ugonjwa huu uliandikwa katika vitabu vya uganga mara ya kwanza mwaka 1910, huko Chicago, na munganga James Herrick, aliyemtunza kijana mwanafunzi kutoka kisiwa cha Grenada. Lakini mambo mawili makubwa yanayojulikana leo juu ya ugonjwa huu, yaani unavyorithiwa na unavyohusiana na malaria, yalitafutwa kwa sehemu kubwa Afrika.

Katika Zambia, ambayo wakati huo iliitwa Rhodesia ya Kaskazini, munganga wa serikali ya kikoloni aliyeitwa E. A. Beet alipima damu ya wakaaji wa Balovale. Mwaka 1946 aliandika kwamba watu wenye chembe za mundu walipatikana na vijidudu vya malaria mara chache kuliko wenzao. Mwaka 1949 alionyesha jinsi hali hiyo inavyotoka kwa wazazi kwenda kwa watoto, mwaka ule ule ambapo James Neel alionyesha jambo hilo hilo Marekani. Baada yao Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za makabila mbalimbali ya Afrika ya Mashariki na kuona kwamba S ni nyingi pwani na karibu na Ziwa Victoria, ambako malaria ni kali, na ni chache kwenye milima ya baridi. Mwaka 1954 alitangaza sababu: AS inamkinga mtoto asiuawe na malaria. Ndiyo maana S haikufutika katika vizazi. Ilikuwa silaha ya wazee dhidi ya mbu, na bei yake inalipwa na mtoto anayezaliwa SS.

Hapa kuna kosa linalosikika sana, nalo linaua: kwamba mtoto wa SS hashikwi na malaria. Anayekingwa ni AS, naye hakingwi kabisa. Mtoto SS akishikwa na malaria yuko katika hatari kubwa kuliko wenzake, na chandarua kinamhusu yeye kwanza.

Katika miaka ile ile ya 1950, Léopoldville, Kinshasa ya leo, wanganga wawili mume na mke, Joseph na Claude Lambotte-Legrand, walijihusisha na swali lililosumbua wenzao. Hali ya AS ilikuwa imejaa Afrika, lakini wagonjwa wenyewe wa SS hawakuonekana hospitalini kwa hesabu iliyotazamiwa. Wanganga wengine wa kikoloni walifikiri labda ugonjwa huo hauwapati sana Waafrika. Wale wawili walifuata watoto wagonjwa wa Léopoldville na kuonyesha jambo la kuhuzunisha: ugonjwa upo, ila watoto wengi wanakufa wadogo, kabla ya mtu kuwapima.

Jibu hilo lina miaka karibu 70. Kwa nyumba ambamo mtoto wa miaka miwili anazikwa na karatasi yake inaandikwa "anemia" au "malaria", bado ni jibu la leo.

Kazi ya Profesa Tshilolo

Mtu aliyeamua kutongoja watoto waugue kwanza ni Mkongo. Léon Tshilolo ni munganga wa watoto na wa damu, aliyefanya kazi katika hospitali ya Monkole, Kinshasa. Yeye na wenzake walichukua tone la damu la watoto wachanga 31 204 mjini Kinshasa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Watoto 428 walikuwa SS, yaani mtoto 1 kati ya 73. Watoto 5 276 walikuwa AS, karibu 1 kati ya 6. Katika materniti inayozalisha watoto 73, basi, mmoja anatoka mlangoni na ugonjwa ambao hakuna anayeuona.

Na hauonekani kwa sababu mtoto mchanga bado ana hemoglobini aliyokuwa nayo tumboni mwa mama. Hiyo haikunjiki. Inamlinda miezi ya kwanza, kisha inapungua, na karibu na miezi 6 ugonjwa unaanza kujitokeza. Miezi hiyo 6 ni zawadi. Mtoto aliyejulikana mapema anapewa penisilini ya kumkinga na maambukizo, anakamilishiwa chanjo pamoja na ile ya pneumokoki, analala chini ya chandarua, anapewa asidi foliki, na mama anafundishwa kushika tumbo lake upande wa kushoto ili ajue kama wengu umevimba ghafla. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachohitaji mashine kubwa.

Hatua ya pili ilikuwa dawa. Tshilolo ndiye mwandishi wa kwanza katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la New England Journal of Medicine. Watoto 606 wa SS, wa miaka 1 hadi 10, walitunzwa katika miji minne: Kinshasa, Luanda ya Angola, Kilifi ya Kenya na Mbale ya Uganda. Walipewa hidroksiurea, kidonge cha kila siku. Dawa hii inauamsha mwili utengeneze tena ile hemoglobini ya utoto isiyokunjika.

Hali yao kabla ya dawa ililinganishwa na hali yao wakiwa kwenye dawa, kwa hesabu ya watoto 100 katika mwaka mmoja. Mashambulizi ya maumivu yalishuka kutoka 98,3 hadi 44,6. Malaria ilishuka kutoka 46,9 hadi 22,9. Kuongezewa damu kulishuka kutoka mara 43,3 hadi 14,2. Vifo vilishuka kutoka 3,6 hadi 1,1.

Nambari hizo zisomwe polepole. Wengi walihofu kwamba dawa iliyojulikana kwanza kwa kutibu kansa ingedhoofisha watoto wanaoishi kati ya malaria na utapiamlo. Ilitokea kinyume. Dawa inataka uangalizi, maana inaweza kupunguza chembe nyeupe, kwa hiyo damu ya mtoto inapimwa mara kwa mara na kipimo cha dawa kinapangwa na munganga. Haifai kununuliwa kiholela sokoni. Lakini haihitaji friji wala sindano, na ilijaribiwa kwa watoto wa Kongo wenyewe, si kwa watoto wa mbali.

Njia inakatika wapi

Lubumbashi haikulala. Mwaka 2014 wanganga Mick Shongo na Olivier Mukuku walichapisha utafiti juu ya watoto wa Lubumbashi wenye SS, wa miezi 6 hadi miaka 5, na kazi hiyo imeendelea. Mjini kuna Chuo Kikuu, kuna hospitali ya Sendwe, kuna wanganga wanaoujua ugonjwa huu kwa undani. Kinsevere iko kilomita kama 30 tu kutoka hapo. Lori la shaba linakata njia hiyo kila siku. Elimu ya damu inachukua miaka kuikata.

Shida ya kwanza ni kipimo. Upimaji wa watoto wachanga haujawa kazi ya kawaida ya materniti za vijijini. Katika vituo vidogo, kinachojulikana zaidi ni kipimo cha Emmel: tone la damu linawekwa chini ya kioo ili kuona kama chembe zinakunjika. Ni cha bei nafuu, lakini hakitofautishi AS na SS, na kwa mtoto mchanga kinaweza kudanganya. Mzazi anayeambiwa "Emmel imetoka positif" hajajua bado mtoto wake ni nani. Inabidi elektroforezi, na hiyo inapatikana mjini. Lakini siku hizi kuna vipimo vidogo vinavyofanana na kile cha malaria: tone moja la damu ya kisigino au kidole, bila umeme, na jibu AA, AS au SS linatoka kabla ya nusu saa kwisha. Muuguzi anayejua kupima malaria anaweza kufundishwa kukitumia.

Shida ya pili ni hofu. Wanaopinga kupima wana sababu zao, nazo zisidharauliwe. Wanasema kipimo kitaleta talaka. Wanasema mtoto ataitwa "wa kufa" na baba atakataa kumlipia shule. Wanasema kuna makanisa yanayodai karatasi ya damu kabla ya ndoa, na vijana wawili waliopendana wanaachanishwa siku chache kabla ya mahari.

Hofu hizo ni za kweli, ila dawa yake ni kupima na kufundisha pamoja. Kujua kabla ya ndoa ni jambo jema, lakini kuzuia watu kuoana ni jambo lingine. Wachumba wawili AS wakijua, wanaamua wakiwa macho, na wakioana wanajua kumpima mtoto siku anapozaliwa. Wakikatazwa, wataenda kuoana mahali ambapo hakuna anayeuliza. Kuhusu baba anayekata tamaa, ajue kwamba mtoto SS aliyetunzwa mapema anasoma, anafanya kazi na anaoa. Anayeitwa "wa kufa" mara nyingi anakufa kwa kukosa chandarua, maji, penisilini na munganga wa kumpokea upesi.

Familia zilizokimbia vita

Kwa familia zilizohamishwa jambo hili ni zito zaidi. Mama anayekimbia vita, atoke Kivu, Tanganyika, Mitwaba au Kasai, anabeba mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Karatasi ya hospitali inabaki nyumbani, au inalowa na mvua njiani. Anapofika, historia ya mtoto inaanza sifuri. Muuguzi mgeni anaona homa, anatibu malaria, na hajui kwamba mtoto huyu akiwa na homa hafai kungoja hadi kesho.

Tena maisha ya kambini yamekusanya yote yanayoamsha ugonjwa: maji ya kupanga foleni, baridi ya turubai, mbu, chakula kidogo, safari ndefu kwa miguu. Mtoto SS akihitaji damu, familia inaombwa kuleta mtu wa kutoa, na ukoo wake umetawanyika kila upande. Ndugu wa kumtolea damu hayupo.

Wakati wa kuandikisha familia zinazofika, watu wanaulizwa jina, kijiji walichotoka na hesabu ya watoto. Swali moja liongezwe: je, kuna mtoto anayeishiwa damu mara kwa mara, anayevimba vidole, au aliyewahi kuambiwa ni SS? Swali hilo halina gharama. Na mzazi mwenye karatasi ya damu aipige picha kwa simu yake na kuituma kwa ndugu wawili. Vita vikija tena, sufuria itasahauliwa, lakini picha itabaki kwa shangazi.

Nani afanye nini

Kazi ya kwanza ni ya serikali, kupitia huduma zake za afya: vipimo vya haraka viwekwe katika materniti, pamoja na penisilini ya watoto, na barua ya kumpeleka mjini mtoto aliyepatikana SS ili aanzishiwe matunzo na, munganga akiona inafaa, hidroksiurea. Tarehe 19 Juni kila mwaka ni siku ya dunia ya ugonjwa huu. Hotuba za siku hiyo ni nzuri, lakini sanduku moja la vipimo lingefaa Kinsevere kuliko fulana mia.

Lakini Kinsevere haina haki ya kukaa mikono mifukoni ikingoja Kinshasa. Hapa kuna mgodi, na sheria ya migodi iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inadai kampuni zitenge asilimia 0,3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wakaaji wa maeneo yao. Pesa hizo zinapangwa na chombo ambamo wakaaji wenyewe wana wajumbe. Mara nyingi wajumbe wanaomba vinavyoonekana kwa macho: shule, kisima, barabara. Ni vizuri. Ila katika mkutano ujao mtu ainue mkono na kuomba pia kitu kisichoonekana kwa macho: kipimo cha damu kwa kila mtoto anayezaliwa katika eneo hili, awe wa mkaaji wa zamani au wa mkimbizi aliyefika jana. Ukilinganisha na bei ya barabara, gharama yake ni ndogo.

Wachungaji na wakuu wa vijiji nao wana kazi. Mchungaji anayeomba karatasi ya damu kwa wachumba aombe pia kwamba wafundishwe maana yake na mtu anayeijua. Mkuu wa kijiji anayeletewa kesi ya mtoto au mzee anayeitwa mulozi aulize kwanza: damu ya watoto wa nyumba hii ilishapimwa?

Na kazi ya mwisho ni ya nyumbani. Mtoto SS anywe maji mengi, afunikwe vizuri miezi hii ya baridi, asikose chandarua. Homa, kupumua kwa shida, kupauka ghafla, tumbo la kushoto kuvimba, udhaifu wa upande mmoja wa mwili: kimoja tu katika hivyo ni safari ya hospitali usiku huo huo, na mzazi aseme mlangoni, kabla ya kuulizwa, "huyu ni SS".

Watu wa Balovale walitoa damu yao. Watoto wa Léopoldville walihesabiwa katika vifo vyao. Watoto wachanga 31 204 wa Kinshasa walichomwa kisigino, na watoto 606 wa nchi nne walimeza kidonge kila siku ili ijulikane kama kinasaidia. Imejulikana. Mtoto atakayezaliwa wiki hii Kinsevere hana tena swali la kuiuliza sayansi. Anangoja tu mtu wa kumpima.